Mpira Uliosogezwa na Upepo

Mdogo wangu Damiano,

Unisamehe kwa miezi miwili ya kimya. Binti yangu Josefina amenileta pwani ya Uskoti kutazama mashindano makubwa ya gofu. Huku ni kiangazi, lakini upepo unaumiza meno. Mchezaji aliyekuwa akiongoza aliinama kupiga mpira, upepo ukausogeza kidogo mno. Akanyoosha mkono, akamwita mwamuzi, akajishtaki mwenyewe. Kwa sheria ya mchezo akaongezewa pigo moja la adhabu, uongozi ukamponyoka.

"Papa, ule iko mujinga! Hakuna muntu aliona!" Josefina akacheka.

Mimi sikuweza kucheka. Nilipokukabidhi funguo za nyumba, nilisema nakuja kumsalimu Josefina huku anakoishi kwa majuma matatu. Nilikudanganya, Damiano. Niliwakimbia waporaji wenye bunduki waliokuwa wakivamia mtaa wetu, nikawaacha wewe na watoto wako mlinde kuta zangu. Sasa Josefina anataka niombe kibali cha kubaki huku. Kubaki ni aibu, na nguvu ya kurudi sina.

Mkisikia risasi tena, iacheni nyumba, mwende kwa dada yetu kule mtaa wa Annexe, pembeni mwa mji. Mungu awafiche. Nikishaamua kurudi au kubaki, nitakuandikia, na safari hii nitaandika kweli.

Yaya wako, kaka yako mkubwa,
Anselme