Ng'ombe Waliokataa Kuvuka

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka. Huku Bariadi tuko mhola, salama kabisa. Mama yako amemaliza kuvuna pamba, na magoti yangu bado yananifikisha kanisani.

Umeniuliza kama kozi ya wiki tatu inatosha kuongoza shule ya kimataifa. Swali lako limeninyima raha.

Mimi nilipata semina ya wiki mbili. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa kampuni za kigeni, wanunuzi wa pamba wakaja na familia zao kutoka nje, na shule ya watoto wao ikanifanya mkuu. Nilirudi na cheti na faili nene lililosisitiza ratiba. Basi la shule liondoke saa tisa kamili.

Siku moja dereva wetu, Mzee Masanja, akaniambia, "Mwalimu, tusubiri. Ng'ombe wamekataa kuvuka mto."

Mto ulikuwa mchanga mtupu na jua linawaka. Nikamwonyesha saa. Akaondoka na watoto thelathini na mmoja.

Haukupita muda nikasikia ngurumo ikija chini chini. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko mto unakotokea. Nilikimbia mtoni bila viatu. Nilikuta maji mekundu yamejaa pande zote, na basi silioni. Nikaanza kuita watoto kwa majina.

Masanja akatokea nyuma ya miti, alikokuwa ameliegesha basi kando ya ng'ombe, watoto wote wakiwa ndani. "Unisamehe, Mwalimu," akasema. "Nimeharibu ratiba."

Nenda kwenye kozi, mama. Ila ukifika shuleni, ongea na dereva kabla hujatundika cheti. Changu mpaka leo kimo sandukuni.

Bibi yako