Kadi za Shemeji

Nyumba za Wauguzi,
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Dada ana mafua kidogo tu, na watoto wake hawashikiki.

Umeniuliza mbona sikumpongeza shemeji kwa zawadi aliyopewa kazini. Nitakueleza, maana wewe si mtu wa kufichwa.

Unajua yeye ndiye mkuu wa wodi yetu ya wagonjwa wa akili. Alikwenda semina, akarudi na tiba ya tabia. Mgonjwa akioga, anapewa kadi. Akitandika kitanda, kadi. Kadi ndizo zinazompatia chai ya ziada, redio, matembezi bustanini. Tiba yenyewe sina ugomvi nayo, wapo iliowasaidia. Lakini shemeji alivimba kichwa. Akawa anapita wodini na kadi mfukoni kama refa, mwisho akaamua hata kuonana na ndugu kulipiwe kadi.

Tulikuwa na fundi cherehani mmoja, mama aliyenyamaza kimya tangu alipomzika mwanawe. Kadi ilikuwa lazima uiombe kwa mdomo, na asiyesema hapati. Basi mama yake mzazi alikuwa anakuja, anakaa kwenye benchi la nje mpaka uji umpoe mkononi, anarudishwa. Nikamwambia shemeji kwamba mgonjwa huyu anahitaji mtu. Alinicheka mbele ya wenzangu.

"Huruma si tiba, shemeji. Ukimpa bure atajifunza nini?"

Hayo anasema mtu asiyejua wanawe wako darasa la ngapi.

Nikafanya nilivyofundishwa chuoni: kila mchana niliketi na fundi, bila kumhoji, azoee tu kuwa nipo. Ilichukua muda. Siku aliponishika mkono mwenyewe, nilitoka nikamwingiza mama yake. Bibi wa watu akaanza kumsuka nywele. Katikati ya kusuka, fundi akasema, "Unanivuta." Kitana kilimdondoka mama yake.

Mimi nikapewa onyo, nikahamishiwa stoo ya mashuka. Shemeji akatangaza kwamba kadi zake zimemfungua mgonjwa mdomo. Zawadi ndiyo hiyo.

Siku ya kukabidhiwa, alimwita fundi mbele ya wageni aeleze kilichomponya.

"Mama alikuja," fundi akajibu.

Shemeji akapiga makofi. "Mnasikia anavyoongea?" Akachomoa kadi, akampa. Fundi akaigeuzageuza, akamrudishia.

"Kaa nayo, baba. Huenda na wewe kuna mtu unatamani kumwona."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mpaka leo hajaelewa. Fundi ameruhusiwa, yuko nyumbani kwake, anashona. Sasa niambie, huyu bwana nimpongeze kwa lipi?

Dada akikupigia, usimgusie haya. Anaishi naye, inamtosha.

Nisalimie Baba Mdogo, Bibi, na wale pacha wakorofi. Mungu akulaze na kukuamsha salama.

Wako akupendaye siku zote,
Mwanao Mbishi