Mhina wa Mama Umelala

Luzira, Kampala
14 Aprili 2025

Mpendwa dada Zuleika,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa kimya kirefu. Farhana anaota meno, na kila nikishika kalamu anaitaka yeye. Hujambo lakini? Theluji imewaachia mlango huko Norwe? Sisi wazima, ila usingizi ndio hatuna.

Mhina wa mama nimeuhamisha. Mwenye nyumba wa Kamwokya, kule alikokaa mama, anajenga ukuta, akasema usipotoka anaufanya kuni. Nikakumbuka ahadi yako: tangu mazishi yake hujarudi, lakini Idi hii ya kuchinja utakuja tukupake hina ya mama. Basi nikafuata maagizo yako.

Dada, uliandika kwamba mti mkubwa huhamishwa wakati wa baridi, ukiwa umelala. Baridi gani ya Kampala? Shemeji yako Nasif akasema, "Kama haiji, tutaileta." Akaenda kwa wauza samaki wa Port Bell, akachukua gunia zima la barafu, akaimwaga shinani. Mti haukulala. Waliokuja kulala ni paka wa Kamwokya yote, maana barafu ilinuka samaki. Jirani akauliza, "Mama Farhana, mmezika nani hapo?"

Nikamfukuza Nasif. Mvua ilipolainisha udongo, nikapunguza matawi, mtoto mgongoni, nikachimba kwa mbali ili mizizi itoke na udongo wake, nikaifunga kwa gunia. Wa bodaboda kuuona tu, akacheka: "Nnyabo, mama, na huyu abiria atavaa helmeti?" Nikamwambia aangalie barabara.

Tumeupanda nyuma ya nyumba yetu hapa Luzira. Majani yakaanguka yote, ikabaki fimbo. Nililia, dada, kama siku ile ya mama. Nasif akasimama pembeni, akasema taratibu, "Si mlitaka ulale? Umelala." Nusura nimpige jembe.

Jana umeamka! Machipukizi matatu. Sasa mawili, moja Farhana amelitafuna. Kwa mwendo huu hina itatosha vidole vyako tu. Sisi wengine tutapaka ya dukani, usibishe.

Nasif na shangazi Mariamu wa Kyambogo wanakusalimu. Mola akutunze na baridi hiyo, akurudishe salama.

Mdogo wako akupendaye, hata ukimtumia maagizo ya theluji,
Munirah

Bado nahitaji: viatu vya mvua vya Farhana, namba ishirini na mbili. Mkasi wa kukatia matawi, wenye mpini mrefu. Na tarehe ya ndege yako. Hiyo itume kwanza, maana majani ya hina hayakauki kwa siku moja.