Uso wa Mwisho kwenye Msafara

Capua,
Novemba, siku chache baada ya Siku ya Marehemu

Kaka yangu mpendwa Saverio,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mirella, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu walipokupunguzia zamu hapo bandarini Genova. Sisi huku hatujambo. Naandika "sisi" kwa mazoea tu, maana tumebaki mimi na paka. Mvua imenyesha wiki nzima. Makaburini niliweka maua meupe kwa Ruggero na kwa mama, nikawasalimia kwa niaba yako.

Najua tulizungumza kwenye simu Jumapili, na najua ulicheka. Ulisema, "Ersilia, harufu ya wino imekupanda kichwani." Sikukasirika. Lakini kwenye simu hujawahi kuniacha nimalize jambo, ndiyo maana naandika. Shida ni ile ile niliyokuambia. Uso wako Ruggero aliuchora kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho wa katuni yetu, na mchapishaji anautaka ukurasa huo ukiwa umetiwa wino kabla ya wiki hii kwisha. Nami naamini kwamba uso huo ukitiwa wino, wewe utakufa.

Unajua kazi yetu ilivyokuwa. Marehemu shemeji yako Ruggero alichora kwa penseli, mimi nikapita juu ya mistari yake kwa nibu na brashi. Miaka yote ya ndoa yetu meza zetu mbili zilitazamana, yeye akipiga mluzi, mimi nikimwambia anyamaze. Yeye alibuni, mimi nikafuata. Katuni hii ya mwisho ilihusu Warumi wa kale wa hapa hapa Capua, na mwanamke aitwaye Volusia, fundi wa vinyago vya nta. Warumi walikuwa na desturi hiyo: mtu mkubwa akifa, sura yake ilihifadhiwa kwa nta kabatini, na siku mwingine wa ukoo akizikwa, watu walivaa sura zile wakatembea mbele ya maiti, ili wazee waje kumpokea mtu wao. Ruggero akaongeza chumvi yake. Katika hadithi, Volusia akikosea akatia kwenye nta uso wa mtu aliye hai, wazee humwita mtu huyo kabla ya siku zake.

Ukurasa wa mwisho ni msafara wa mazishi, na vinyago vinne vinaonekana kwa karibu. Ruggero hakupenda nyuso za kubuni, alisema zote hufanana na sabuni. Akazitafuta mtaani. Pompilio kinyozi alikuwa amemlalamikia mbele ya wateja kwamba kila mtu anachorwa isipokuwa yeye. "Ila unichore seneta, maestro," alimwambia. "Ukinichora mtumwa nakunyoa upande mmoja tu!" Bibi Candelora wa duka la mkate aligusa funguo zake za chuma, kama tunavyofanya sote tukisikia habari za kifo, akasema vinyago ni vya waliokwenda, mwanangu, si vya sisi tunaokula. Kisha akacheka, akamwambia basi afanye haraka angali na meno. Na wewe ulipokuja Agosti ulijifunga kitambaa cha meza cha mama kama joho, ukasimama uani umeinua kidevu, wifi akakuuliza kama umekuja kuhutubia kuku. Ruggero alicheka mpaka penseli ikamtoka mkononi. Alikuweka mwisho. Mbele yako alijichora mwenyewe.

Penseli haikumdhuru mtu. Nyuso zile zilikaa mezani mpaka kiangazi kikaisha, na wenyewe walikuwa wakipita dirishani wakitusalimia. Septemba nilianza kutia wino, kutoka kushoto kama kawaida yangu. Nilimaliza uso wa Pompilio, na wiki hiyo hiyo aliteleza kwenye kizingiti cha duka lake, asiinuke tena. Tulimlilia. Kazi haingoji, nikaendelea na Bibi Candelora. Mjukuu wake alimkuta kitini, aproni safi, mikono imepakatwa, kama mtu anayengoja kuitwa.

Ruggero aliutazama ukurasa akauliza nani anafuata. "Ah, kumbe ni mimi," akasema, akauelekezea vidole viwili kama pembe ili kufukuza mkosi, akanibusu utosini. Nami nikachovya nibu. Nilimtia wino akiwa amesimama nyuma yangu, akilalamika kwamba nimemwongezea pua. Kisha akatoka kwenda kununua zabibu. Aliketi kwenye benchi la uwanjani, na wanaume waliokuwa wakicheza karata walidhani amesinzia. Daktari alisema ni moyo.

Wakati wa mazishi sikufikiri lolote. Ni baadaye, nikitoka sokoni, nilipopita kwenye ukuta ule wa kanisa wanakobandika matangazo ya msiba. La Pompilio lilikuwa limepauka kwa jua. Likafuata la Bibi Candelora, halafu la Ruggero, kila moja na picha yake, kutoka kushoto, kwa mpangilio ule ule wa ukurasa wangu. Na pembeni mwa Ruggero, mbandikaji alikuwa anapaka gundi kwenye ukuta mtupu. Nilimwuliza ni kwa ajili ya nani. Alinijibu kwa upole, "Bado hakuna mtu, signora. Gundi ilibaki tu kwenye ndoo." Nilirudi nyumbani bila kukumbuka njia niliyopita.

Utasema nifute uso wako, mambo yaishe. Niliufuta, Saverio. Lakini mchapishaji ana nakala ya michoro yote ya penseli. Ni mtu mwenye adabu, na kwenye simu sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. Aliniambia kama msiba umenilemea nisijitese. Yuko kijana Napoli atakayetia wino kutoka kwenye ile nakala, mstari kwa mstari, kama Ruggero alivyoacha. Alidhani ananifariji. Nilimwomba asithubutu, nikamwahidi kwamba nitaleta ukurasa mwenyewe. Wala singeweza kukifunika kinyago cha nne kwa wino mweusi, kwa sababu picha ya mwisho ni Volusia akiutambua uso huo. Lazima msomaji auone. Ukurasa ukifika bila uso, kijana wa Napoli atautengeneza, na atautengeneza kwa uso wako.

Basi nikaketi kwenye meza ya Ruggero ili nibuni uso wa mtu asiyekuwepo. Kaka, sijawahi kubuni uso maishani mwangu. Nilichora mwanamume, masikio yakatoka ya padre wetu. Nilichora mwanamke, na nilipofika kwenye shavu nikaona ni binti ya Pompilio, ambaye sasa ana mimba ya miezi mingi. Nilizichoma karatasi zote mbili kwenye jiko. Mkono wangu umezoea kufuata, na ukikosa mstari wa kufuata, unamfuata mtu uliyewahi kumwona.

Sasa nikuambie nililofanya. Ruggero hakunichora hata mara moja katika katuni zake zote. Nilimwuliza sababu tulipokuwa wachumba, akasema hawezi kunichora halafu anikabidhi nijitie wino mwenyewe. Leo asubuhi nimesimamisha kioo mbele ya ukurasa. Nimeuchora uso wangu pale ulipokuwa wako, nikautia wino. Mtu wa vifurushi amekwisha kuuchukua.

Usiifokee karatasi hii. Huenda wewe ndiye unayesema kweli, na yote haya ni wino na majonzi. Kama ni hivyo, njoo Krismasi unicheke mbele ya watu wote, nami nitakupikia samaki wa chumvi unayempenda, na nitacheka pamoja nawe. Lakini ikiwa sivyo, usikubali watu waseme kwamba Ersilia alichoka akamfuata mumewe. Sikuchoka. Jana nimepanda vitunguu saumu nyuma ya nyumba, na viatu vyangu vya baridi viko kwa fundi. Katuni itakapotoka, utazame kinyago cha nne, karibu na mdomo. Utaona mstari umetetemeka. Ruggero angenigombeza, angeniambia nirudie. Sikurudia, kwa sababu nilitaka ujue kwamba niliogopa.

Msalimie sana wifi Mirella, na umwambie zile nyuzi za kufuma alizoniagiza nimezipata, ziko kwenye droo ya juu. Majirani wote wanakusalimu. Mungu akulinde, akupe miaka mingi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ersilia