Behewa Si Nyumba ya Mtu

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mkeo na wanangu wote wawili. Natumaini kile kikohozi cha mkeo kimemwacha, na binti ameizoea shule yake mpya. Mimi ni mzima. Magoti hunilaumu asubuhi, lakini ikifika saa nne tunapatana. Mama naye hajambo, bado anabishana na redio na bado anashinda. Kuhusu wengine huku, tuseme tu wazima kwa sehemu. Hiyo sehemu nyingine nitaifikia. Unajua sijawahi kuweza kuanza habari katikati.

Barua yako nililetewa juzi na dereva wa ofisi yenu. Umenieleza kwamba wakubwa wako wamechoka kuuliza kwa nini mabehewa hukaa sana kwenye reli yetu ya pembeni kabla ya kupakuliwa, na kwamba lile la vigae lilishinda hapo kutwa nzima, mlango wazi na mzigo umemwagika chini. Ukaniomba, kwa kuwa nilisimamia upakuaji pale mpaka nilipostaafu, nikuandikie karatasi moja ya sababu za kuchelewa. Na mwisho wa karatasi hiyo niseme, kama mtu aliyewafundisha wale vibarua, kwamba yule aliyeumia siku ile alijitakia mwenyewe. Umesema sahihi yangu ina uzito. Nashukuru. Basi vuta kiti.

Kwanza uelewe kwamba behewa huanza kuchelewa kabla halijafika. Ofisi yenu haituambii kinachokuja. Wapakuaji huitwa wajiandae kwa magunia, wakaja na mabega yao; linapoingia ni mabomba ya chuma, nayo hayabebwi kwa bega, yanataka winchi. Winchi ni moja. Ikiwa nzima, dereva wake anaumwa. Dereva akipona, winchi nayo inalala. Tulikuwa tukisema wale wawili wameoana, mmoja akiugua mwenzake hali chakula.

Halafu kuna suala la upande. Behewa lina milango miwili, na kichwa cha treni kikilisukuma pale mwishoni mwa reli hakiulizi upande upi una jukwaa. Mara nyingi mlango mmoja hauna komeo linalofanya kazi, nao ndio unaoelekea jukwaani. Ule mzima unatazama majani. Kufikia hapo kichwa cha treni kimeshaondoka, na kukirudisha ni maombi ya wiki nzima. Basi watu wanashusha mzigo kwenye majani na kuubeba kulizunguka behewa zima mpaka jukwaani. Mtu aliye ofisini akiona muda uliopita husema wamelala.

Lakiri, ule muhuri wa kufungia mlango, nayo haikatwi bila karani kuwapo, na karani wetu ana miguu miwili na vituo vitatu vya chai. Ghala likijaa, hakiingii kitu mpaka kitoke kitu. Mvua ikianza na behewa ni la saruji, huwezi kufungua; ukifungua utapakua mawe. Na kubwa kuliko yote ni namna mzigo ulivyopangwa huko ulikotoka. Yule aliyeupanga ana haraka zake, anaweka kizito juu na chepesi chini, anafunga mlango, anakwenda nyumbani kwake. Aliyepakia hayupo pale unapopakuliwa, mdogo wangu. Hilo ningependa uliandike kwa wino mzito, maana katika kazi yetu lawama zote huangukia mkono wa mwisho.

Sasa nifike kwenye hodi, kwa sababu najua unaisubiri.

Treni ikifunga breki, au mabehewa yakigonganishwa ili yaunganike, mzigo uliosimama vizuri hupoteza miguu. Unayumba, unateleza, unaegemea mlango. Kwa nje huoni kitu. Mlango ni ule ule, kutu ile ile. Ukivuta komeo, wewe ndiye unayegeuka kuwa ukuta unaoegemewa na mzigo. Kwa hiyo watu wa pale, tangu kabla sijaajiriwa, hawafungui mlango bila kuugonga. Mmoja anagonga kwa mpini wa mtaimbo, chini, katikati, juu, na anasema hodi. Mwenzake ameweka sikio kwenye bati. Mlango ukilia kama debe tupu, yeye hujibu karibu, na kazi inaanza. Mlango ukitoa sauti nzito kama ya ukuta, hujibu subiri. Hapo watu huufunga mlango kwa kamba nene, husimama pembeni, hulegeza kidogo kidogo, au huzunguka na kuanzia mlango wa pili. Ndiyo, huchukua muda. Na utani upo humo. Wakati mwingine mwenye sikio hujibu kwamba wenyewe hawapo, wamekwenda shamba. Watu wanaoinua vitu vizito wanahitaji kucheka, la sivyo watainua nini kesho?

Wewe ulikuja kutembelea ukawakuta katika hodi hiyo. Nimeambiwa ulisimama juani na viatu vyako vizuri, ukamtazama mtu mzima akibisha hodi kwenye bati na mwingine akimjibu, ukacheka mpaka ukafuta macho. Ukamuuliza msimamizi mpya kama humo ndani kuna mizimu. Msimamizi mpya, kwa kuwa wewe ni mkubwa wake, alicheka pia. Hakukueleza. Baada ya siku chache likabandikwa tangazo ukutani karibu na pipa la maji, likisema upakuaji uanze mara tu lakiri inapokatwa, na kwamba ni marufuku kupiga hodi, kwa sababu behewa si nyumba ya mtu. Sentensi hiyo ni yako. Ningeitambua hata gizani. Tangu utotoni ulikuwa hodari wa maneno mafupi ya kuwanyamazisha watu.

Mwenye sikio, tangu mwaka jana, alikuwa kibarua waliyempa jina la Bwana Harusi. Siku yake ya kwanza alifika na shati jeupe lililopigwa pasi, mikunjo mpaka kwenye mikono, wakamuuliza bibi harusi amemwacha wapi. Jina likaganda. Hakuwa na mabega ya kazi ile, lakini alikuwa na sikio linaloweza kusikia uzi ukikatika, na alijua kuketi kimya. Wenzake walimpenda. Mikono yake ilipochubuka, walimpa kazi ya kusikiliza, wao wakabeba sehemu yake.

Siku ya behewa la vigae, lakiri ilikatwa mapema. Karani, ajabu, alikuwapo. Mwenye mtaimbo aliinua mpini ili agonge. Msimamizi mpya akamwonyesha tangazo, akasema hataki kuitwa ofisini kwa ajili ya ushirikina wa watu. Bwana Harusi akaomba aweke sikio tu, bila kugonga, bila hodi. Msimamizi akamwambia kama ana muda wa kusikiliza basi ana muda wa kufungua, akamkabidhi komeo yeye. Akafungua. Kati ya pale na jioni, mdogo wangu, watu wako hawakupakua behewa. Walikuwa wakipakua vigae kutoka juu ya mtu, kimoja kimoja, kwa mikono, kwa sababu winchi ilikuwa imelala. Hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa kwa siku ile. Iandike pamoja na zile nyingine.

Kwenye barua yako umemwita kibarua mmoja. Sikulaumu, maana ndivyo ulivyoandikiwa. Na huku tulikubaliana kukuficha, kwa hiyo hapa ndipo nilipe deni la ile sehemu isiyo nzima niliyokuahidi mwanzoni.

Bwana Harusi ni shemeji yako. Ni mume wa kitindamimba wetu.

Nguo za mitumba zilipojaa mtaani, cherehani yake ilikaa siku nyingi bila kazi mpaka akaiuza. Alinijia mimi nimtafutie nafasi pale, nami nikamtafutia. Ombi lake lilikuwa moja, kwamba wewe usijue; hata siku ile uliyokuja kutembelea alimwachia mwenzake kazi ya sikio, akajificha nyuma ya ghala. Unakumbuka ulivyosema mbele ya wageni walipooana, kwamba dada yetu ameshonewa ndoa kwa uzi mbovu? Wewe ulisema ukaenda kula. Yeye amekaa na neno hilo miaka yote hii, na hakutaka kukupa sababu ya kusema la pili. Ndiyo maana jina lake halisi hukuliona popote. Pale kila mtu huitwa kwa jina la utani, hata kwenye daftari la mahudhurio.

Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Nyonga itaunga, wanasema madaktari, ila haitakuwa ile. Nilipokwenda kumwona aliniuliza kwanza kama vigae vingi vilivunjika. Kisha akasema nikufikishie salamu, kwamba shemeji alitaka mlango ufunguke upesi, nao ulifunguka upesi. Alijaribu kucheka, kifua kikamkatalia. Dada yako alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, akikunja na kukunjua shuka lile lile. Hakucheka. Barua yako nilimsomea, kwa sababu siku hizi sitaki tena kuficha. Nilipofika pale uliposema alijitakia mwenyewe, aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema basi.

Siku iliyofuata nilimuuliza dada yako kama nikuambie uje. Akasema njia haijafungwa, ila yeye hafungui mlango.

Kwa hiyo nakushauri kama kaka yako. Njoo, lakini usije na gari la ofisi. Ukifika kwake usisukume, hata ukikuta mlango umerudishwa tu. Piga hodi. Piga chini, katikati, na juu, kisha weka sikio usikilize. Ukisikia kishindo kizito, usiseme ni hasira za wanawake zitapita. Kuna mzigo umeulalia mlango ule tangu zamani, na wewe ndiye uliyeupakia. Safari hii aliyepakia na awepo pale unapopakuliwa. Utachukua muda. Usiuhesabu.

Karatasi uliyoiomba ndiyo hii. Sahihi yangu iko chini. Itumie pamoja na maneno yote yaliyo juu yake, au usiitumie kabisa. Na lile tangazo la ukutani, kalitoe kwa mkono wako mwenyewe. Wale watu wamenituma nikuulize, bila matusi, kama sasa behewa lina mwenyewe.

Mama anakusalimu. Yeye bado anajua mkwe wake aliteleza tu. Wabusu watoto, na mwambie mkeo nimeuliza kifua chake.

Ni mimi, aliyekutangulia kuzaliwa,
Kaka yako