Barua Yangu kwa Ariane Ilitokea Ukutani

Mpendwa maman Euphrasie, naingia kwenye redio yako bila kubisha, miye Adalbert wa Muhumba, nisaidie. Miye njo natunza mashini ya korali yetu, kompyuta ya nyimbo, nilitengeneza ka-programu kanasahihisha makosa ya wimbo na kupanga mistari. Nikiandika komande, ile amri ya kukaanzisha, na jina la fishiye, yaani faili, maneno inaingia humo kimya, nisipotaja jina inatoka papo hapo ku ekran, na ku repetisyo, tukifanya mazoezi ya nyimbo, ekran iko ukuta muzima, sababu tunatumia projekta. Basi juzi waimbaji wanapumzika, nikasema ngoja nisahihishe barua yangu kwa Ariane, ule wa soprano, nikabonyeza, nikasahau jina la fishiye, Yesu wangu! Ukutani: "Ariane, nakupenda, nataka kuleta wazee wangu kwenu..." Kanisani wanaume wa bass wakapiga makofi, nikachomoa kamba ya projekta, nikatamani ardhi inimeze. Ariane akanifuata mulangoni, nikajua kofi inakuja, akasema: "Mbona umezima kabla sijamaliza kusoma?" Maman, nililia kwa furaha! Lakini muzee wake, papa Évariste, amesikia, ameniita siku ya Mungu, Jumapili, anasema mutoto wake hatangazwi ukutani kabla wazee hawajabisha mulango. Nafikiri nimwambie ni virusi, mashini ilijiendesha yenyewe. Itafaa?

Adalbert mwanangu, pole, na uache ujinga. Virusi gani? Mashini imekutii. Hukuiambia ipeleke wapi maneno, ikayatoa pale ulipoizoesha wewe mwenyewe. Ukianza na uongo sebuleni kwa papa Évariste, kesho atakuamini kwa lipi? Muzee hakukasirikia mapenzi, amekasirika juu ya kupitwa. Angekuwa hakutaki, angekufungia mulango tu, asingekuita. Umeponea, kijana, furahi!

Nenda na tonton yako, ndugu ya baba yako, shati ipigwe pasi. Wewe omba radhi, kisha nyamaza, tonton aseme yaliyobaki. Na hiyo programu usiivunje kwa hasira, korali inahitaji nyimbo zake ukutani. Ila iongezee swali moja: kama hukutaja fishiye, ikuulize kwanza kama kweli unataka watu wote waone. Na mambo ya moyo uyaandike projekta ikiwa imechomolewa, kwani ulikuwa na haraka gani?

Ile mistari ambayo Ariane hakuisoma, usimtumie ku simu. Baba yake akikubali, keti na Ariane, umusomee kwa kinywa chako mpaka neno la mwisho, na safari hii usizime.