Mifumo Mitatu na Jina la Mama Fabiano

Alhamisi, Julai. Babati.

Leo nimefundisha vipindi viwili nikiwa na koti, na juu ya koti nimejitanda khanga. Upepo unashuka kutoka mlima Kwaraa tangu alfajiri na hauonyeshi dalili ya kuchoka. Sina furaha wala hasira. Nipo tu.

Ninaandika hapa kwa sababu kuna ripoti ninayotakiwa kuandika na imenishinda.

Kwa anayepita blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa kompyuta kwenye shule ya bweni huku Singe. Ninaishi Bagara, na nilikuja mkoa huu kutoka Tabora miaka minne iliyopita. Wiki tatu nyuma mkuu wa shule aliniita akasema tumechelewa, shule nyingine zote zina mfumo wa kujifunzia. Ni ile programu ambayo masomo, mazoezi na maksi vinakaa mahali pamoja, na kila mtu anaingia kwa jina lake na nywila yake. Alitaka mmoja utakaotumika kwa wanafunzi na kwa mafunzo ya wafanyakazi pia. Nilinganishe mitatu, nimwandikie kurasa mbili, yeye achague.

Kazi za namna hiyo nazipenda, sikatai. Nilichora jedwali lenye vipengele kumi na vinne hata kabla sijanywa chai.

Mfumo wa kwanza ni wa bure na una kila kitu, na hapo ndipo tatizo lake linapoanzia. Ulinichukua siku mbili kuusimika. Mwalimu wa Jiografia, mtu mwenye akili zake timamu, alihangaika nusu saa akitafuta mahali pa kuweka ramani moja tu, mwishowe akaniletea flashi niiweke mwenyewe.

Mfumo wa pili ni wa kulipia na unajua kujipamba. Kidato cha tatu waliupenda siku ileile kwa sababu unagawa nyota na medali. Kwa mkuu unatoa taarifa ya rangi: kijani amekamilisha, njano anaendelea, nyekundu hajaanza. Ila bila mtandao unabaki ukurasa mweupe. Mtandao wetu unategemea umeme, na umeme wetu mnaujua.

Mfumo wa tatu una sura mbaya. Unakaa kwenye kisanduku kidogo chenye betri, simu na vishikwambi vinaunganishwa nacho bila bando. Hauna nyota, maandishi yake madogo. Umeme ulipokatika katikati ya kipindi, darasa liliendelea na mimi ndiye pekee niliyegundua kwamba taa zimezimika.

Hata hivyo moyoni nilishachagua wa pili, kwa sababu ya zile rangi. Zilinifanya nionekane mtu anayejua kila kinachoendelea shuleni, na nilipenda kuonekana hivyo.

Kwa upande wa wafanyakazi niliujaribu huohuo wa pili, kwa somo la huduma ya kwanza. Niliandikisha watu sita: wapishi wanne, mlinzi, na Mama Fabiano, matroni wa bweni la wasichana. Nikawapa nywila kwenye vikaratasi na wiki mbili za kusoma. Jumatatu nikachapa taarifa. Rehema, mpishi, alikuwa kijani, asilimia tisini na sita. Wengine watano nyekundu tupu, Mama Fabiano akiwemo.

Nikaipeleka kwa mkuu kama ilivyo.

Mkuu alikuwa na orodha nyingine mezani. Mama Fabiano anafanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, huu ni mwaka wa kumi na moja, na mikataba mipya inaandaliwa mwezi huu. Jumanne alimwita akamwambia kwamba mtu anayelala bwenini na watoto wa watu hawezi kupuuza mafunzo ya huduma ya kwanza. Atatafutwa mwingine. Mimi nilikuwa najua habari ya mikataba, kila mtu shuleni anajua. Sikuiunganisha tu na karatasi niliyoibeba.

Leo saa nne, wakati wa chai, Mama Fabiano alikuja chumba cha kompyuta. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Akafungua fundo la khanga yake na kunionyesha kikaratasi cha nywila, kimekunjwa vizuri kama nilivyompa.

"Madam, mkuu anasema mimi sijaanza," akasema. "Sijaanza nini tena, na sisi tulishamaliza?"

Nikamuuliza walimalizaje.

Kumbe kila siku saa kumi, masufuria yakishaoshwa, wote sita walikuwa wanakaa jikoni. Walitumia simu ya Rehema kwa sababu ndiyo yenye kioo kizima na bando. Mama Fabiano alikuwa anasoma kwa sauti, kama anavyosoma kwenye jumuiya yao ya kanisa kule nyumbani, kila aya anasimama na kueleza. Mlinzi asipoelewa anarudiwa kwa Kiiraqw. Likija swali wanabishana mpaka wakubaliane wote, ndipo Rehema anabonyeza. Swali la mtu aliyeungua lilikula jioni nzima, kwa sababu wapishi wawili waling'ang'ania dawa ya meno. Mama Fabiano akashikilia maji ya baridi mpaka wakachoka.

Hakuona kosa liko wapi. "Sasa kila mtu akajifungie na simu yake, asiyeelewa atamuuliza nani?"

Nikamjaribu kwa maswali matano. Akajibu yote bila kufikiri mara mbili. La sita nilijichanganya mwenyewe, nikasema anayetokwa damu puani ainue kichwa nyuma. Akanitazama kwa huruma. Akiinamishe mbele, Madam, damu isimrudie kooni.

Aliyefundisha darasa zima ndiye mwenye sifuri.

Na dalili nilikuwa nazo. Mfumo ulinionyesha kwamba Rehema alitumia saa tatu kwenye somo la dakika ishirini, ukamwekea alama kwamba anahitaji msaada. Nilicheka. Wiki ileile nilipita jikoni mara mbili nikaona vichwa sita vimeinamia simu moja, nikajua wanaangalia tamthilia. Sikuwauliza. Mwalimu mzima, na kuuliza ndiyo kazi yangu.

Alipotoka nilifungua mfumo. Mimi ndiye msimamizi wake, naweza kugeuza nyekundu ikawa kijani kwa dakika mbili na mtu asijue. Nilifika hadi kwenye kitufe. Ningependa kusema dhamiri ndiyo iliyonizuia, lakini niliogopa zaidi kwamba mkuu ana nakala ya Jumatatu na angeniuliza rangi zimebadilikaje.

Nikaenda ofisini kwake. Nikamweleza kwamba mfumo hauwezi kuona watu sita kwenye simu moja. Nilisema "mfumo". Nakumbuka vizuri neno nililotumia.

Mkuu alimwita Mama Fabiano akamhoji mwenyewe, kama dakika kumi. Halafu akavuta orodha yake ya mikataba, akaliandika tena jina la Mama Fabiano kwa kalamu. Akaniambia nimtafutie mfumo unaotambua watu waliosoma pamoja. Upo. Ni ule wa tatu, una sehemu ya kiongozi wa kikundi kuandika waliohudhuria. Sehemu hiyo ilikuwa kwenye jedwali langu, kipengele cha kumi na mbili, na niliipa alama ya chini kabisa nikidai ni mwanya wa udanganyifu.

Tulipotoka nje Mama Fabiano alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu. Hiyo kompyuta ilitaka kunifukuza, wewe ukanitetea."

Nikasema asante. Hilo tu.

Hajui nani aliyechapa ile karatasi na kuipeleka. Usiku wa Jumanne na wa jana alilala akijua hana kazi, na mimi nililala vizuri. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Mlangoni nimekuta jogoo mwekundu, mkubwa, amefungwa miguu kwa kamba ya katani. Jirani anasema ameletwa na bodaboda, ametumwa na mama mmoja wa Singe, na ujumbe ni kwamba Madam apokee, asikatae.

Nimemfungua, nimempa maji na pumba. Sasa hivi anatembea jikoni kwangu kama mwenye nyumba.

Siwezi kumchinja. Kesho asubuhi nitambeba nirudi naye Singe, nimwambie Mama Fabiano nani aliyeipeleka ile karatasi, kisha aamue mwenyewe kama jogoo bado ni wangu.